Damu Baada ya Kuchukuliwa Kinyama

Wanakisomo, somo hili ni la wanaume, lakini kina mama wasitoke nje. Anayeumwa ni baba. Anayeona shuka asubuhi ni mama. Tena katika nyumba nyingi anayeweza kusoma karatasi ya hospitali ni mama, au ni mjukuu. Kwa hiyo tulisome pamoja.

Kila mwanaume ana tezi dume. Tezi hii iko chini ya kibofu cha mkojo. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo. Mkojo ukitoka katika kibofu hupita katikati ya tezi hiyo, ndipo utoke nje. Kazi ya tezi ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa, yale yanayobeba mbegu za kiume. Nyuma ya tezi pana utumbo wa mwisho, ambao ni njia ya haja kubwa. Kati ya tezi na utumbo huo kuna ukuta mwembamba tu. Ndiyo sababu daktari anaweza kuipapasa tezi kwa kidole kwa kupitia njia ya haja kubwa.

Shikeni mambo hayo matatu. Mkojo hupita ndani ya tezi. Shahawa hupata majimaji yake humo. Utumbo uko nyuma yake. Tutayahitaji baadaye.

Mwanaume akizeeka, tezi hukua. Mkojo huanza kutoka kwa shida, na mzee huamka mara nyingi usiku. Mara nyingi huo ni ukuaji wa uzee tu. Mara nyingine ni saratani, na saratani ya tezi dume mwanzoni huweza kukaa kimya bila dalili yoyote. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Lakini PSA ikipanda, haisemi moja kwa moja kwamba ni saratani. Hupanda pia tezi ikikua kwa uzee, au ikishambuliwa na vijidudu. Kidole cha daktari nacho huhisi ugumu, lakini hakiwezi kujua ugumu huo ni wa nini. Ili kupata hakika, daktari huchukua vipande vidogo vya tezi vikatazamwe kwa hadubini. Sisi huku vijijini husema, "Mzee kachukuliwa kinyama."

Kazi hii hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wengi wetu tunakaa mbali nazo. Mzee huchukuliwa kinyama leo, na kesho yuko ndani ya basi anarudi kijijini. Damu ikimtoka, itamtokea nyumbani, daktari akiwa mbali. Kwa sababu hiyo mwenye mzee nyumbani inampasa kuijua damu hiyo.

KINYAMA HUCHUKULIWAJE?

Mzee hulala kwa ubavu, amekunja magoti kuelekea kifuani. Daktari huingiza chombo cha altrasaundi katika njia ya haja kubwa. Chombo hicho ni kinene kupita kidole gumba kidogo, nacho huonyesha picha ya tezi kwenye kioo cha mashine. Kisha hupigwa sindano ya ganzi. Baada ya hapo sindano nyembamba yenye springi hupita kwenye ukuta wa utumbo na kuingia katika tezi. Springi hulia "ta!" na sindano hutoka na kipande chembamba kama uzi, chenye urefu wa kama sentimita moja na nusu. Mlio huo huwashtua wazee kuliko maumivu yenyewe.

Zamani daktari aliongozwa na kidole chake tu. Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walieleza namna ya kuchukua vipande 6 kwa mpango, wakiongozwa na altrasaundi. Baadaye vipande viliongezwa. Siku hizi mara nyingi huchukuliwa 10 au 12, ili saratani isijifiche mahali ambapo sindano haikupita. Hospitali nyingine huingiza sindano kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na tupu ya nyuma. Njia hiyo haitoboi utumbo, na hupunguza hatari ya vijidudu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Vipande 12 ni matundu 12. Tezi dume ina mishipa mingi ya damu. Je, inawezekana kutoboa mara 12 bila damu kutoka? Haiwezekani. Mzee ambaye hakuambiwa hivyo ataona damu na kudhani ameharibiwa. Aliyeambiwa ataitazama na kuihesabu.

DAMU YA KAWAIDA

Turudi kwenye yale mambo matatu. Utumbo umetobolewa, basi damu kidogo itatoka na haja kubwa. Mkojo unapita ndani ya tezi yenye matundu, basi mkojo utakuwa na damu. Shahawa hupata majimaji yake humo, basi zitakuwa na damu pia.

Damu ya haja kubwa kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, au siku chache zaidi. Ni matone juu ya kinyesi, au alama kwenye karatasi.

Damu ya mkojo huonekana siku chache. Huweza kuisha, ikarudi kidogo, ikaisha tena, kwa muda wa wiki moja au mbili. Damu hii ndiyo huwatisha watu sana, kwa sababu huonekana nyingi kuliko ilivyo. Mililita 1 ya damu yatosha kuibadili rangi lita 1 ya mkojo. Kijiko kidogo cha chai huchukua mililita 5. Basi kijiko kimoja cha damu chaweza kubadili rangi ya dumu zima la lita 5. Mzee atakayeona mkojo wake umekuwa kama maji ya rozela asidhani damu yote imemwishia.

Damu ya shahawa hukaa muda mrefu kuliko zote. Huweza kuonekana kwa wiki sita na hata zaidi. Kwanza ni nyekundu, kisha hugeuka rangi ya kutu au ya kahawa. Hospitali nyingine hazilielezi jambo hili vizuri, kwa kuwa muuguzi ni kijana na mgonjwa ni mzee, na wote wawili wanaona haya. Matokeo yake ni ugomvi wa nyumbani. Mama anaona rangi ya ajabu, anadhani bwana wake ametoka nje na kuleta ugonjwa wa zinaa. Mama, kama mumeo amechukuliwa kinyama mwezi uliopita, hiyo ni damu ya sindano. Haina sumu, nayo itaisha yenyewe. Hospitali huwaambia wagonjwa wangoje siku kadhaa kabla ya kukutana na wake zao. Na kama mmoja wenu ana virusi vya UKIMWI au homa ya ini, au hamjapima, tumieni kondomu, kwa sababu damu hubeba virusi hivyo.

Basi mnaona, damu yenyewe siyo kipimo. Kipimo ni mwendo wake. Je, leo imepungua kuliko jana, au imeongezeka?

DAFTARI LA MAMA

Habari ifuatayo ni ya mfano, lakini mambo kama haya hutokea.

Mzee mmoja mkulima, mwenye miaka 67, alichukuliwa kinyama siku ya Jumatano. Alipewa vidonge vya kuua vijidudu na karatasi ya maelezo. Mkewe alikuwa amemsindikiza. Mama huyu alikuwa mwanakisomo. Mzee mwenyewe alikuwa amekataa kusoma. Alisema kisomo ni kazi ya watu wasio na shamba.

Karatasi ilisema, "Angalia mkojo kila siku." Neno hilo ni rahisi kulisema mjini. Choo cha kijijini ni shimo lenye giza. Utaangalia nini? Mama alichukua chupa ya plastiki nyeupe, akaikata mdomo, akamwambia mzee akojoe humo kwanza, aitazame kwenye mwanga, ndipo amwage. Kisha alichukua daftari la kisomo, akaandika nyuma:

Jumatano jioni. Mkojo mwekundu kama rozela. Hakuna mabonge.
Alhamisi asubuhi. Mwekundu. Haja kubwa ina matone ya damu.
Alhamisi usiku. Mwekundu kidogo.
Ijumaa asubuhi. Njano. Haja kubwa safi.
Jumamosi. Njano siku nzima.
Jumapili asubuhi. Njano.
Jumapili mchana. Amekwenda mashine kwa baiskeli na debe mbili.
Jumapili jioni. Mwekundu mzito. Mabonge ya damu.
Saa 4 usiku. Matone tu. Tumbo la chini linauma.
Saa 6 usiku. Hakuna kitu.

Someni tena mistari hiyo polepole. Mpaka Jumapili asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Damu ilikuwa inapungua. Kisha kuna mstari wa baiskeli. Karatasi ilikuwa imesema asibebe mzigo na asipande baiskeli kwa siku kadhaa. Lakini mzee alijiona amepona, na unga ulikuwa umekwisha. Kiti cha baiskeli hukandamiza mahali pale pale penye tezi. Mzigo nao humfanya mtu ajikaze, na damu husukumwa kwa nguvu katika mishipa ya chini. Vidonda vidogo vilivyokuwa vimeanza kuziba vikafunguka.

Damu nyingi ikikaa katika kibofu huganda. Mabonge yakakusanyika na kuziba njia. Kibofu cha mtu mzima hujaa kikiwa na kama nusu lita. Mkojo uliendelea kuingia, lakini haukuwa na pa kutokea. Hayo ni maumivu makali mno. Mzee alikuwa anatembea ndani ya nyumba ameinama, jasho likimtoka.

"Nipe maji," alisema. "Nikinywa mengi, yatausukuma mkojo utoke."

"Bwana, ngoja kwanza," mkewe alijibu. Alileta kibatari karibu na karatasi, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. "Hapa pameandikwa, 'Kunywa maji mengi.' Lakini chini yake pameandikwa, 'Ukishindwa kukojoa, nenda hospitali mara moja.' Sasa hukojoi. Ukinywa, yataingia wapi?"

Mama alifikiri sawasawa. Maji ni dawa wakati mkojo unatoka. Huupunguza uzito na kuifanya damu isigande. Mzee asiye na ugonjwa wa moyo wala wa figo huambiwa anywe kama lita mbili kwa siku. Lakini njia ikiziba kabisa, kila kikombe huongeza maumivu.

"Tungoje kuche," mzee alisema. "Muuguzi wa zahanati ni binti mdogo, rika la mjukuu wangu. Nitamwambia nini?"

"Hutamwambia kitu. Mimi nitampa daftari."

Walimwamsha jirani mwenye gari la mazao. Zahanatini yule binti alitoka amejitanda khanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti yangu."

"Pole sana. Unaumwa nini?"

"Tumbo," mzee alijibu.

Tumbo! Kwa neno hilo moja angeweza kupewa dawa ya minyoo. Mama alinyoosha daftari. Muuguzi alilisoma akiwa amesimama, hakumaliza hata dakika mbili. Alipapasa tumbo la chini la mzee, akakuta kibofu kimevimba mpaka karibu na kitovu. Alipima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, akaandika barua, akapiga simu kituo cha afya, na gari likaendelea na safari.

Kituoni mzee aliwekewa mpira wa mkojo. Mabonge yalitoka, kisha mkojo wenye damu, karibu lita nzima. Mzee alilia kwa nafuu, wala hakuona haya tena. Asubuhi alipelekwa hospitali ya wilaya. Huko aliwekewa mpira mnene wenye njia tatu. Njia moja huingiza maji safi ya chumvi ya hospitali, ya pili huyatoa pamoja na damu, ya tatu hujaza kijipulizo kinachozuia mpira usichomoke. Kibofu kilisafishwa hivyo mpaka maji yakatoka meupe. Walipima wingi wa damu yake, wakaona haihitaji kuongezwa. Baada ya siku mbili mpira ulitolewa, naye akakojoa mwenyewe.

Daktari wa wilaya aliuliza jambo moja ambalo halikuwamo katika daftari. "Mzee wangu, katika siku hizi umetumia dawa yoyote nyingine?" Mzee alikumbuka. Jumamosi mgongo ulimwuma, akanunua diklofenaki katika duka la dawa. Hakumwambia mtu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni dawa nzuri kwa kazi zake, lakini hupunguza uwezo wa damu kuganda. Mtu aliyetoka kuchukuliwa kinyama akiumwa, kwa kawaida huambiwa anywe panado, yaani parasetamoli. Mimi naona mama hakukosa kwa kutoliandika jambo lile. Mwenye kukosa ni anayemeza dawa kwa siri.

Majibu ya kinyama yalitoka wiki tatu baadaye. Ilikuwa saratani, lakini bado ilikuwa ndani ya tezi, haijatoka nje. Matibabu yake ni somo jingine.

DAMU YA KUKIMBIZA HOSPITALI

Usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya mambo haya. Mkojo umekuwa mwekundu mzito na haupungui hata ukinywa maji. Mabonge yanatoka. Mkojo umeziba na tumbo la chini limejaa. Damu ya haja kubwa inatoka yenyewe bila kinyesi, au inajaza kitambaa, au ina mabonge. Mgonjwa anaona kizunguzungu akisimama, moyo unamwenda mbio, ngozi ni baridi yenye jasho. Hayo ya mwisho ni dalili kwamba damu imepotea nyingi mwilini, hata kama nje imeonekana kidogo. Mlaze, mfunike, usimpe chakula, tafuta usafiri.

Usafiri huo usiwe bodaboda kama kuna njia nyingine. Mzee mwenye kizunguzungu huweza kuanguka njiani, na barabara zetu mnazijua.

Damu ya haja kubwa ikiwa nyingi, daktari ana njia za kuizuia. Hukandamiza mahali palipotobolewa kwa kidole na shashi, au kwa mpira wenye kijipulizo. Isiposimama, hutazama ndani kwa chombo maalumu na kuuziba mshipa unaovuja. Watu wachache sana hufika huko. Nyumbani usijaribu kuingiza kitu chochote. Si majani, wala tumbaku, wala kitambaa chenye mafuta. Ukuta wa utumbo tayari una matundu, na uchafu utaingia katika damu.

Hapo nitaingiza neno juu ya homa, ingawa somo letu ni la damu. Sindano ikipita katika utumbo huweza kubeba vijidudu vya kinyesi na kuviingiza katika tezi na katika damu. Mzee akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, katika siku za kwanza baada ya kinyama, hiyo ni hatari kubwa kuliko damu ya mkojo. Inaweza kuua kwa muda mfupi. Na sisi tumezoea kusema kila homa ni malaria. Apimwe malaria, sawa. Lakini neno la kwanza la kumwambia mganga liwe hili: "Amechukuliwa kinyama cha tezi dume siku fulani." Mganga akilisikia, hatampa dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani.

Kuna rangi nyingine inayodanganya. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Anayemeza dawa hiyo asitishike, ila amwambie daktari mapema.

KABLA YA KWENDA

Damu nyingi huweza kuzuiwa kabla sindano haijaingia. Daktari atauliza maswali, nawe usimfiche. Je, unameza dawa ya kuzuia damu isigande, kama wafarini au klopidogreli? Wanaotumia dawa hizo ni watu wenye ugonjwa wa moyo, au waliopata kiharusi, au waliowahi kupata bonge la damu mguuni. Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku kama tano kabla, lakini daktari ndiye anayeamua siku ya kuacha na siku ya kuanza tena. Usiache mwenyewe kwa kuogopa damu. Mwenye moyo mbovu akiacha ovyo, bonge huweza kupanda kichwani likamlemaza. Aspirini ndogo ya moyo mara nyingi huachwa iendelee. Dawa ya shinikizo la damu nayo endelea nayo, maana shinikizo likipanda damu hutoka zaidi.

Swali jingine ni la zamani. Je, ulipong'olewa jino damu ilikataa kusimama? Ulipoingia jandoni, je, kidonda chako kilitoka damu kupita wenzako? Wazee husahau mambo ya jando, au hawataki kuyasema mbele ya mwanamke. Yasemwe. Huenda damu yako haigandi vizuri tangu kuzaliwa, na daktari atataka kupima kwanza.

Sema pia dawa za mitishamba unazokunywa. Mzee mmoja huona haya kutaja mizizi yake mbele ya daktari, kana kwamba ameiba. Daktari hataki kukuaibisha. Anataka kujua kilichomo katika damu yako.

Kabla ya kuondoka hospitali uliza mambo mawili. Nipige simu ipi usiku? Na karibu na kijiji changu ni wapi wanapoweza kuweka mpira wa mkojo? Yaandike majibu nyuma ya karatasi. Ukifika nyumbani, kula mboga za majani na matunda, kama papai, ili choo kiwe laini. Choo cha kuchuchumaa kinataka nguvu, na kujikaza ndiko kunakofungua vidonda.

Wako wanaosema chuma kikigusa uvimbe, saratani huenea mwili mzima. Maneno hayo yamewazuia wazee wengi. Kwa tezi dume, saratani kusambaa kwa ajili ya sindano ya kinyama ni jambo la nadra mno. Linalotokea kila mwaka ni mzee kukaa nyumbani mpaka saratani ikafika kwenye mifupa ya mgongo, ndipo akaletwa hospitali kwa kubebwa.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kinyama: kipande kidogo cha mwili kinachochukuliwa kwa ajili ya kupimwa.
Hadubini: chombo cha kukuza vitu vidogo ili vionekane.
Bonge: damu iliyoganda.
Mpira wa mkojo: bomba laini linaloingizwa katika njia ya mkojo ili kukitoa kilichomo katika kibofu.

ZOEZI

1. Chora mistari katika daftari lako uandike: siku, saa, rangi ya mkojo, mabonge, haja kubwa, dawa alizomeza. Nafasi ya mwisho haikuwamo katika daftari la mama. Kwa nini tumeiongeza?

2. Mzee amechukuliwa kinyama Jumatatu. Jumanne mkojo ni mwekundu. Jumatano ni mwekundu kidogo. Alhamisi ni njano. Jumamosi ni mwekundu kidogo tena, hauna mabonge, na anakojoa vizuri. Je, akimbizwe hospitali usiku huo, au anywe maji, apumzike na kuendelea kuangalia? Toa sababu.

3. Kijiko kimoja cha chai cha damu huweza kubadili rangi ya lita 5 za mkojo. Vijiko vitatu je?

4. Andika barua fupi kwa muuguzi wa zahanati, isiyozidi mistari mitano, kumweleza kwamba baba yako alichukuliwa kinyama juzi na sasa anatetemeka kwa baridi.

5. Jirani yako ana barua ya rufaa ya kwenda kuchukuliwa kinyama. Amesikia habari za yule mzee wa baiskeli, na ameikunja barua akaiweka chini ya godoro. Jadilianeni: ni nani katika familia anayeweza kuzungumza naye, na aanze na jambo lipi?